Alibakiza Mmoja

Katika miaka yote aliyotufundisha hesabu, Mwalimu hakuita mahudhurio hata siku moja. Walimu wengine waliingia darasani na rejista kwapani, wakasoma majina kuanzia la kwanza hadi la mwisho, nasi tukaitikia "nipo" mmoja mmoja. Yeye alisimama mlangoni akatutazama polepole, uso baada ya uso, kisha akageukia ubao. Aliyekosekana alimjua bila kumtaja. Mkuu wa shule alimwonya zaidi ya mara moja. Mwalimu akamjibu mbele ya wenzake kwamba anayetaka majina yaitwe na aje ayaite mwenyewe, ila amngoje yeye atoke kwanza.

Tulidhani ni ukaidi wa Kizungu tu. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeolewa na nina watoto, aliponieleza sababu. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake tukichambua mchele wa hitima. Alipokuwa darasa la pili huko kwao, alisema, mwalimu wao waliyempenda sana aliingia asubuhi moja akasoma majina machache. Wenye majina yale akawaambia wakusanye vitu vyao waende nyumbani, na wasirudi.

"Alisoma vizuri," Mwalimu akasema, macho yake kwenye ungo. "Jina la baba yangu watu wengi walikuwa wakilikosea. Siku ile yeye hakulikosea."

"Na watoto wengine?"

"Walikaa kimya. Niliyekuwa nikikaa naye benchi moja alingoja nisimame. Kisha akasogea katikati."

Akapeta ungo, makapi yakaruka, akaendelea kuchambua.

Mwalimu alikuwa Myahudi. Mji aliozaliwa siutaji kwa sababu mwenyewe hakuutaja. Alisema "kule", basi. Katika vita kuu ya pili, Wajerumani waliokuwa wakitawala wakati huo waliwakusanya watu wa kabila lake katika nchi nyingi, wakawatia kwenye magari moshi, wakawapeleka kwenye makambi kuuawa, wazee na wachanga, kwa kosa la kuzaliwa walivyozaliwa. Kwa Mwalimu walikuwa watu wanne nyumbani, naye peke yake ndiye aliyesalia. Alikuja Bagamoyo kufundisha akiwa bado msichana wa kuolewa, mimi sijazaliwa, akapanga nyumba iliyopakana na yetu. Wenzake aliokuja nao walirudi makwao mmoja mmoja. Yeye hakuwa na kwao pa kurudi.

Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, cha kuketi na wanawake uani, ingawa herufi ya "gh" ilimshinda mpaka mwisho. Bibi yangu ndiye aliyemfundisha, na Bibi alikuwa mkali wa lugha. Siku ya kwanza Mwalimu alipojaribu kumweleza Bibi ni nani waliowaua watu wake, alisema ni Wanazi. Bibi akashika kiuno.

"Minazi? Minazi gani hiyo inayoua watu, Mwalimu?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka huku machozi yakimtoka, hawezi kujizuia, na Bibi naye akacheka bila kujua anachekea nini. Alipotulia, akatazama ule mnazi wetu wa uani uliojaa madafu. "Kwenu hapa minazi hupandwa," akasema. "Kule iliota yenyewe."

Alikuwa na kicheko cha namna hiyo, kinachokuja pasipo pake. Msibani watu walimwogopa. Si kwamba alikosa huzuni; nadhani huzuni ikizidi kiasi fulani ilikuwa haijui njia ya kutokea, ikatokea kokote.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa mkali na mwenye ulimi. Aliyekosea hesabu ya sehemu aliambiwa kichwa chake ni mbata, nazi iliyokauka. Mwalimu mwenzake mmoja alimtania kwa neno ambalo sisi hatukuliona baya, akanyamaziwa hadi alipostaafu, na siku ya kuagwa kwake Mwalimu alikula biriani yote bila kumpa mkono. Lakini huyo huyo alimfundisha bure mtoto wa mwalimu yule jioni baada ya jioni mpaka akafaulu. Nilipomwuliza inakuwaje, alisema mtoto hakutania mtu.

Foleni hakupanga. Akikuta watu wamejipanga, iwe benki, iwe zahanati, iwe kwenye bomba la maji, aligeuka akaenda zake, hata kama alikuwa na homa. Asubuhi shuleni tuliposimama mstarini, walimu wote wakiwa mbele yetu, yeye alikuwa ofisini amefunga mlango. Na mtu aliyevaa sare, awe askari, mgambo au mlinzi wa benki, alimpa kisogo. Tulimwambia mlinzi yule ni mtoto wa Mzee fulani wa Magomeni, hana baya. Akasema, "Najua. Wote ni watoto wa mtu."

Alikuwa na misemo yake, mingine sijaisikia kwa mtu mwingine. Alisema, "Baya haliji na mapembe, huja limevaa shati la kupigwa pasi." Ukimsifu mtu kuwa ni mwema alikuuliza, "Mwema siku gani?" na alingoja jibu. Ukishindwa kuitaja siku, alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu isiyoonyesha njia.

Mwezi wa Ramadhani alifuturu kwetu, kila jioni, kiti chake kilikuwa karibu na mlango. Kumbe na yeye alikuwa na siku yake ya kufunga, moja tu kwa mwaka, tangu jua kuchwa mpaka kuchwa tena, bila tone la maji, mlango wake umefungwa. Bibi aliigundua kwa sababu siku ile moshi haukutoka jikoni kwake. Tangu mwaka huo Bibi hakumwuliza neno, ila siku ikifika, magharibi ilipoadhiniwa, alimpelekea uji na tende.

Mara moja Bibi alishindwa kujizuia. "Mwalimu, wewe unasema Mungu humwamini."

"Sikusema simwamini, Bi Mkubwa. Nimesema hatusemeshani."

"Basi unamfungia nani?"

"Baba yangu. Wao walikuwa wakisemeshana."

Bibi alikuwa mtu wa Unguja. Wazee wake walitoka Manga, Oman, wakaweka duka la nafaka, na yeye mwenyewe alizaliwa kisiwani na hakujua kwingine. Kwenye mapinduzi waliuawa mume wake na kaka zake wawili, naye akavuka kuja Bagamoyo na mama yangu amemshika mkono. Kwetu habari hii haikuzungumzwa. Tuliijua kama mtu anavyojua kuwa chumba fulani cha nyumba hakifunguliwi. Mwalimu na Bibi walikaa pamoja jioni miaka na miaka, wakikuna nazi, wakishona foronya za mito, na hawakuulizana.

Nakumbuka siku moja tu walipogusa. Bibi alisema, kama anayezungumza na nazi aliyoshika, kwamba aliyewaonyesha nyumba yao alikuwa jirani wa kuazimana chumvi. Mwalimu akasema, "Askari hawakutujua sisi. Wangetujuaje? Hata kwetu, mlango ulionyeshwa na jirani." Nami, kwa ujana wangu, nikadakia kwamba basi yaliyowapata ni yale yale. Mwalimu alinigeukia kwa hasira ambayo sikuitarajia.

"Usipime! Maiti hawawekwi kwenye mizani. Ya bibi yako ni ya bibi yako."

Bibi akaitikia, "Ndiyo, mwambie." Wakaendelea kukuna.

Baba yangu alikuwa na duka la vyakula, na humo ndimo lilimotokea jambo ambalo mtaa wetu haukulisahau. Ilikuwa wakati mmojawapo wa vita vya kule Palestina, televisheni ya dukani imewashwa tangu asubuhi, watu wamejazana wanatazama majumba yanavyoanguka. Kila mtu alikuwa na uchungu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, kijana mwema, hodari wa kubeba jeneza na kuchimba kaburi la yeyote, alipiga meza kwa kiganja akasema, "Bora yule Mjerumani angewamaliza wote!"

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wake wa ukili.

"Alibakiza mmoja," akasema. "Nipimie sukari, kilo moja."

Kopo la baba la kupimia lilisimama ndani ya gunia. Kijana akageuka, na uso wake ukabadilika rangi, maana alimfahamu tangu utotoni kwamba ni Mwalimu, Mzungu wetu, lakini hilo jingine hakuwa akilijua.

"Mwalimu, wallahi, sikujua..."

"Ungejua ungesemaje?"

Kijana alitoka, na baadaye nilisikia alikwenda kukaa ufukweni peke yake mpaka alasiri. Baba akainua mkono kutaka kuzima televisheni. Mwalimu akamkataza. Kwenye kioo palikuwa na mtoto wa kike, nywele zimejaa vumbi, anatazama huku na huku katika kifusi.

"Usizime," akasema. "Mtoto yule anamtafuta mama yake." Akasimama pale pale na sukari yake mkononi, analia bila sauti, mpaka picha ilipobadilishwa.

Kijana yule alikwenda kumwomba radhi. Alipokewa, akapewa chai. Lakini Mwalimu aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile, akisikia watu wanacheka barazani, husimama kwanza akasikiliza wanacheka nini.

Watalii ndio waliomwondoa mjini. Walipoanza kuja kwa wingi kutazama ngome na magofu, wengi wao walikuwa Wajerumani, na lugha ile Mwalimu aliijua kama ajuavyo mtu jina la ugonjwa wake. Mzee mmoja wa Kijerumani, mstaarabu, kofia mkononi, alimsimamisha uchochoroni akamwuliza kitu kwa lugha yake, nadhani ni njia ya kwenda Boma. Mwalimu akamjibu kwa Kiswahili: "Sijui. Mimi ni wa hapa." Akaingia ndani, akatapika. Aliniambia yule mzee alikuwa wa rika la wale, na kwamba alichokitafuta usoni mwake hakukijua mwenyewe. Haukupita mwaka akahamia Mapinga, kwenye kiwanja alichokinunua zamani, kukiwa bado mashamba ya mihogo. Akajenga nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara. Bibi alikuwa ameshafariki. Mimi nikawa namtembelea kila nilipopata gari.

Mapinga ilijaa watu wa Dar, na Mwalimu akazeeka katikati yao. Majirani walimheshimu, watoto wao walimletea hesabu zao za shule. Nilidhani atamalizia hapo kwa salama.

Kisha ukaja upanuzi wa barabara. Sote tunajua unavyokuja. Vijana wawili wenye ndoo ya rangi na brashi hushuka kwenye gari, hutembea kando ya barabara, na kila nyumba iliyoingia kwenye hifadhi ya barabara huwekewa alama ya X nyekundu ukutani. Hawana ugomvi na mtu. Wanatia alama, wanakwenda nyumba ya pili.

Jirani yake alinipigia simu. "Dada Zuwena, njoo. Mwalimu anafuta X."

Nilimkuta amepiga magoti ukutani, ndoo ya maji na sabuni ya unga kando yake, brashi ya kufulia mkononi. Rangi ilikuwa ya mafuta. Haikutoka, ilitanuka tu, ukuta mzima ukawa mwekundu, na mikono yake hadi viwiko. Alikuwa amekwisha jaribu ukuta wa jirani wa kushoto, na mwenye nyumba alikuwa akimsihi aache kwani watakamatwa wote.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia marahaba. Alinitazama, na nikaona ananijua, lakini ameniweka katika wakati mwingine.

"Na kwenu wametia?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Hii ni ya barabara. Wanataka kupanua barabara."

"Ndiyo. Kwanza husema hivyo."

Nilimwosha mikono kwa mafuta ya taa. Nilikaa naye mpaka alipokunywa chai, nikamweleza vizuri, akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana Mwalimu hakuwahi kunikubalia jambo kirahisi. Baba na mama yake walikuwa na duka la vifungo na nyuzi, akaniambia. Lilitiwa alama ya rangi mlangoni. Baba akaipaka rangi nyingine juu yake, lakini hakuwa fundi mzuri, ile ya chini ilionekana.

Siku mbili baadaye gari la matangazo lilipita likiwaita wote waliowekewa alama wafike ofisi ya serikali ya mtaa na vielelezo vyao, majina yatasomwa. Mwalimu alitoka akasimama katikati ya njia. Watu walikuwa wakienda, yeye amenyoosha mikono anawazuia, mwanamke wa miaka themanini na ushei, nywele wazi.

"Msiende! Msiende pamoja! Tawanyikeni, kila mtu na njia yake! Wachukueni watoto!"

Wengine walipita wakiwa wameinamisha macho. Wengine walicheka. Mama mmoja alimwambia kwa upole, "Mwalimu, tunakwenda kuandikisha tu," naye akapiga ukelele ambao yule mama aliniambia hataki kuusikia tena. Mgambo, kwa kutaka kumwondoa njiani asigongwe, alimshika mkono. Alipoachiwa aliingia ndani, akafunga mlango. Kesho yake nyumba ilikutwa wazi, yeye hayumo.

Tulimtafuta. Niliulizia hospitali za Dar, nikaulizia Bunju, nikamtafuta hata ufukweni, Mungu anisamehe kwa nilichokuwa nikikitazamia. Kondakta mmoja wa gari za kaskazini ndiye aliyenitoa gizani: bibi wa Kizungu, kikapu mkononi, alishuka Mkange, hakutaka kurudishiwa chenji wala kusaidiwa kushuka.

Mkange alikuwa na mtu. Mwanahawa, aliyenitangulia shuleni, mtoto wa wakulima wa huko. Alipokuwa kidato cha nne alipata mimba, na mkuu wa shule alimtangaza mstarini ili afukuzwe mbele ya wote. Mwalimu, ambaye mstarini hakuwa akitokea, siku ile alitokea ofisini, akapita katikati ya wanafunzi, akamshika mkono wakaondoka. Baba yake Mwanahawa alimtafuta na fimbo mji mzima, na Mwalimu alimwambia usoni hajamwona. Mwanahawa alijifungulia chumbani kwa Mwalimu. Siku hizi ni mama mtu mzima, analima ufuta na mihogo, ana wajukuu.

Nilimkuta uani kwake anatandaza mihogo juani. Tukaamkiana vizuri, za nyumbani, za watoto, za shamba. Nikamwuliza kuhusu Mwalimu.

"Hapa hakuna mgeni," akasema. Alinitazama machoni, bila kupepesa. "Hapa tupo mimi na wajukuu wangu tu."

"Dada Mwanahawa, ni mimi Zuwena."

"Nakujua. Hapa hakuna mgeni."

Alisema kwa sauti kubwa, akielekeza maneno kwenye dirisha la chumba cha nyuma, nikaelewa kwamba hazungumzi na mimi. Kisha akanishika mkono akanivuta hadi nyuma ya banda la kuku, na huko akaanza kulia.

Mwalimu alifika mlangoni kwake, akaniambia, akasema neno moja: "Nifiche." Mwanahawa alidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. Akamficha. Haikuwapo njia nyingine ya kumfanya ale. Jirani alipopita kumsalimu, Mwalimu aliingia uvunguni, kwa hiyo Mwanahawa akawaomba majirani, na majirani wakaambiana, mpaka kijiji chote kikawa kinajua kwamba kwa Mwanahawa hakuna mtu. Mwenyekiti mwenyewe alipita asubuhi kila siku akauliza kwa sauti, "Hamna mgeni hapa?" Mwanahawa akajibu, "Hamna!" na mwenyekiti akaenda zake. Baada ya hapo ndipo Mwalimu alipolala.

"Lakini sasa anaumwa," akasema. "Kifua. Na anataka kutoka. Jana nilimkuta amefika kwenye njia ya Saadani, hana hata kandambili. Viatu nimevificha. Nimemfungia mlango, Zuwena, na kila nikiuzungusha ufunguo najiona na mimi ni mmoja wao."

Nesi wa zahanati alikuwa amekuja, amevaa kanga badala ya sare, akijifanya ameleta mboga. Alimsikiliza kifua akasema apelekwe hospitali. Mwalimu alipoelewa alijishika kwenye mbao za kitanda. Ili atoke ingebidi abebwe na wanaume, akipiga kelele, mchana kweupe, atiwe kwenye gari. Mwanahawa hakuweza kuwaita wanaume hao. Nami nilipofikiria, sikuweza.

Alifariki siku chache baada ya hapo, chumbani humo humo, na alizikwa Mkange, kando ya shamba la Mwanahawa. Hakukuwa na mtu wa dini yake wa kumsomea. Sheikh wa kijiji alisema ya kwetu hatuwezi kumsomea na ya kwao hatuyajui, basi tusimame. Tulisimama. Nyumba yake ya Mapinga ilibomolewa na nyingine za mstari ule. Hayo ndiyo yaliyokuwa. Lakini nataka kumalizia na alasiri ile niliyomwona, kwa sababu sijui nimwambie nani mwingine.

Alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, kanga ameisokota akajiziba nayo mdomo. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka, mabega yanaruka, mishipa ya shingo imesimama, wala sauti haikutoka. Alikuwa akikohoa kimyakimya. Sijapata kuona kitu kama hicho. Kilipopita akaitoa kanga.

"Umefuatwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nipatie viatu vyangu. Huyu dada ni mkaidi. Ana watoto wadogo ndani, na mimi nakohoa."

"Mwalimu, vita vimekwisha zamani. Hakuna askari. Upo Mkange, upo kwa Mwanahawa."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyedanganywa. Kisha akaniambia lile ambalo katika miaka yote hakuwahi kulisema, si kwangu wala kwa Bibi.

Baba yake na mdogo wake wa kiume walichukuliwa mapema. Yeye na mama yake walifichwa na dobi, mwanamke maskini mwenye watoto wake, kwenye chumba cha makaa nyuma ya nyumba. Ilikuwa baridi. Mama akashikwa na kifua. Mchana mafundi walikuwa wakifanya kazi ng'ambo ya ukuta, na mama alijiziba mdomo kwa nguo, lakini kikohozi kikaja kuwa kikubwa kuliko nguo. Dobi hakusema kitu. Alianza tu kusimama mlangoni mara nyingi akitazama watoto wake. Alasiri moja mama alivaa viatu, akamfunga Mwalimu kitambaa kichwani, akamwacha humo, akatoka peke yake. Alikwenda moja kwa moja hadi barabarani ili akamatwe mbali na nyumba ile.

"Kwa sababu ya kikohozi," Mwalimu akasema. "Si kwa sababu nyingine. Nipe viatu."

Kila nililolijua lilikuwa jepesi mno. Nilimwona ameteremsha miguu sakafuni, na nikajua kwamba atakwenda hata pekupeku, atakwenda hata akitambaa, kwa kuwaokoa wajukuu wa Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaingia, akaketi sakafuni mbele yake, akaishika ile kanga iliyosokotwa akaitoa mikononi mwake.

"Kohoa, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Kohoa kwa sauti. Nyumba hii ni yangu. Wakija watanikuta mimi mlangoni kwanza, na wajukuu wangu ni mimi wa kuwasemea. Sikutoi. Hata wakija, sikutoi. Kohoa."

Kikohozi kilikuwa kikija, tulikiona. Alitafuta kanga kwa mikono, hakuipata. Kikatoka. Kilikuwa kikubwa, kibaya, cha mtu aliyebeba kifua kile maisha yake yote, kikarudi na kurudi mpaka kuta za udongo zikaitikia, na Mwanahawa amemshika mgongo anasema, "Ndiyo. Ndiyo. Toa."

Kilipokwisha, Mwalimu aliinua mkono tunyamaze. Akasikiliza. Nje kuku walikuwa wakiparura, mjukuu mmoja akimwita mwenziwe, pikipiki ikapita njiani ikaishia mbali. Alisikiliza kwa muda mrefu, shingo ameinyoosha kuelekea mlangoni.

"Hawakuja," akasema.

"Hawakuja, Mwalimu," akajibu Mwanahawa.

Nilidhani atatulia. Nilidhani atalala. Badala yake uso wake ulianza kuvunjika, taratibu, kuanzia kidevuni, akamtazama Mwanahawa, kisha akanitazama mimi, kama anayetaka mmoja wetu ampinge.

"Basi Mama angeweza kubaki," akasema.